Chini ya Dari ya Bethesda

Nilishuka kwenye treni katika kituo cha Mtaa wa 72, upande wa magharibi wa Central Park jijini New York, nikaingia bustanini asubuhi na mapema kabla watu hawajajaa. Nilikuwa nimeifunga safari ile kwa ajili ya kitu kimoja, nacho ni dari ya vigae iliyo katika ukumbi wa chini wa Bethesda Terrace, baraza la mawe la ngazi mbili lililo katikati ya bustani hiyo.

Nilipofika niliinua uso, nikakaa hivyo mpaka shingo ikaniuma. Juu yangu palikuwa na vigae 15,876 vilivyotengenezwa na kiwanda cha Minton cha Uingereza, vimepangwa katika paneli 49. Rangi zake hazikupakwa kwa brashi, bali ni udongo wa rangi mbalimbali uliochomwa pamoja, ndiyo maana nakshi alizozibuni Jacob Wrey Mould katika karne ya 19 bado zimekolea. Kilichoiponza dari ni maji yaliyopenya kutoka juu na kukila chuma kilichovishikilia vigae, hata katika miaka ya 1980 ikabidi viteremshwe, vikakaa ghalani zaidi ya miaka 20.

Hapo ndipo ninapoliheshimu shirika la Central Park Conservancy, lisilo la kutengeneza faida, lililoundwa mwaka 1980 wakati bustani ilikuwa imechakaa, nyasi zimekufa na kuta zimechafuliwa kwa maandishi. Ingekuwa rahisi kuipiga dari ile plasta na kuisahau. Badala yake fedha zilichangishwa, mafundi wakavisafisha vigae kwa mkono, na vile visivyofaa tena vikafinyangwa vingine kwa mfano wa vya awali, mpaka dari ikarudi mahali pake mwaka 2007. Bustani yenyewe, yenye ekari 843, bado ni mali ya jiji. Tangu mwaka 1998 shirika linaitunza kwa mkataba, likitegemea zaidi michango. Naukubali mpango huo, ingawa nasikitika kwamba bustani isiyo na majirani wenye uwezo haiwezi kuuiga kwa urahisi.

Nilipita kwenye chemchemi, nikamtazama kidogo malaika wa shaba wa Emma Stebbins aliyeshika ua la yungiyungi, kisha nikapanda kaskazini hadi eneo la Seneca Village. Hapo waliishi watu zaidi ya 200, wengi wao Wamarekani Weusi, baadhi wakiwa na viwanja na nyumba zao wenyewe, hadi walipoondolewa mwaka 1857 ili bustani ijengwe. Hakuna dari ya kurudishwa pale. Mwaka 2011 wanaakiolojia walifukua msingi wa nyumba mojawapo, na mwaka 2019 shirika likaweka mabango yanayoeleza makanisa, shule na makaburi yalikuwa wapi. Niliyasoma moja baada ya jingine, nikirudi nyuma kila mara kuitazama nyasi iliyoota juu ya kile bango lilichokitaja.