Umenunua uso

Siku ya nne leo na bado nayasikia. Babu Fundi aliipokea ile spidomita niliyoagizia gari letu kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto mchanga, akaigeuza akaangalia mgongo, akaigeuza tena, akasema: "Mwanangu, umenunua uso."

Nami, badala ya kunyamaza, nikamjibu: "Lakini si zinafanana, Babu?"

Hata macho hakuinua. "Na huo uso wenyewe hukuusoma."

Wiki hii tumemwoza Mwanaidi, stima imekatika siku mbili, ofisini tumehamishiwa ghorofa ya tatu. Yote hayo yamepita. Hukuusoma halijapita.

Kinachouma ni kwamba ni kweli. Smiths, watengenezaji wa geji hizi, waliandika kila kitu pale mbele. Chini ya sindano, kwa maandishi ya kuhitaji miwani, pana herufi SN na namba zake, halafu tarakimu zilizokaa peke yake. Hizo za mwisho ndizo roho ya geji: kebo inatakiwa izunguke mara ngapi kwa maili moja. Ya MGB yetu, gari la michezo la Kiingereza la 1970, ni 1280. Niliyoilipia mimi, na posta juu, ni 1040. Kipenyo kilekile, herufi zilezile, ringi ya kromu inang'aa kuliko gari lenyewe. Ingeingia kwenye tundu lake bila ubishi, kisha ingesema uongo wa asilimia 23: unaenda maili 50 kwa saa, yenyewe inakuonyesha 61 na ushee. Hata maili za safari ingezihesabu kwa uongo huohuo.

Aliyebadilishiwa giaboksi, difu au saizi ya matairi asiamini hata namba ya spidomita ya zamani. Apime. Fungua kebo nyuma ya geji, chomeka kipande cha kadibodi kwenye waya wa ndani kiwe mshale, weka gia huru, piga chaki tairi la nyuma, kisha gari lisukumwe kwenye ardhi tambarare, moja kwa moja, mpaka tairi lizunguke mara sita. Usiinue gurudumu moja kwa jeki. Difu itakuharibia hesabu. Mizunguko ya mshale zidisha kwa 1680, gawanya kwa inchi kutoka katikati ya gurudumu hadi chini. Sisi tulipata mizunguko tisa hivi, na inchi 11.75. Inatoka 1287. Kwa kuhesabu kwa macho, hiyo ni 1280.

Kebo nayo ina adabu zake. Isikunjwe kona kali, na ile sehemu ya mwisho inayoingia kwenye geji ikae imenyooka, la sivyo sindano inatetemeka kama ina homa. Grisi paka, lakini sentimita 20 za upande wa geji zifute kabisa. Grisi hupanda na waya mpaka ndani, ikagandia kikombe kile kinachovutwa na sumaku, na hapo hakuna tena kipimo.

(Uso. Kama vile nimeoa kwa picha.)

Geji ya raundi, ile inayoonyesha mizunguko ya injini kwa dakika, nimeisoma safari hii, mara tatu, kwa sauti. Yetu imeandikwa RVI: umeme wa koili unapita ndani yake kwanza ndipo uende kwenye koili, ile inayotengeneza umeme wa cheche za plagi. Ikiandikwa RVC ni jamii nyingine, inataka waya mmoja tu kutoka upande wa hasi wa koili. Ukitoa RVI ukaweka RVC bila kuziunganisha zile nyaya mbili zilizobaki zinaning'inia, koili haipati umeme na gari haliwaki, nawe utashinda siku nzima unalaumu plagi. Tena MGB za kabla ya mwisho wa 1967 zilikuwa na ethi ya chanya, yaani upande wa chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi. Geji ya raundi ya gari la namna hiyo usiifunge kwenye ethi ya hasi. Transista ndani itaungua.

Halafu Alhamisi ikaja geji ya mafuta. Wiki mbili inaonyesha tangi lina mafuta hata tukiwa tunasukuma. Babu alishahukumu: boya la ndani ya tangi, linalopima mafuta, limekufa, na boya jipya akaagiza. Nikaingia chini ya dashibodi na tochi mdomoni. Kuna kidude kidogo pale, kidhibiti cha volti, kazi yake ni kuilisha geji wastani wa volti 10. Kinafungua na kufunga, kwa hiyo mita ikichezacheza hapo ndiyo uzima wake. Kinapata ethi kupitia skrubu iliyokishika kwenye bodi. Skrubu imeota kutu, ethi hakuna, basi kinapitisha volti 12 zote bila kukata na sindano inapanda. Msasa kidogo, skrubu mpya, nikakirudisha kimesimama wima kama kilivyokuwa, maana kikilazwa hakifanyi kazi sawasawa. Sindano ikashuka polepole, kwa uvivu wake wa kawaida, ikatulia robo.

Nilicheka peke yangu chini ya usukani. Boya jipya liko mezani kwake, bado kwenye karatasi. Nilikuwa na sentensi tayari ulimini, maneno matatu tu: Babu, umenunua boya. Nimeimeza. Nimemwambia ilikuwa ethi, akasema "alaa," akanimiminia kahawa.

Imebaki ile geji moja ya presha ya oili na joto la maji. Hiyo hatuigusi mpaka nati iliyo kwenye silinda hedi ilowe mafuta ya kupenyeza siku kadhaa. Ikizunguka na mrija wake mwembamba, mrija unakatika, etha iliyomo ndani inatoka, na nusu ya geji imekufa.

Mama kapiga simu asubuhi. Anasema jino halimsumbui tena. Hakuwahi kuniambia kwamba linamsumbua.