Kauri za Mama Hazina Mnunuzi

Mimi ni mhudumu kwenye meli za abiria za mtoni hapa Ujerumani. Mezani nasikia mambo mengi, lakini ukiacha habari za wajukuu na maumivu ya magoti, hakuna linalorudiwa kama hili: vyombo vya mama tuvifanyeje? Abiria wetu wengi ni wastaafu kutoka Marekani, Uingereza na Ujerumani kwenyewe. Wazazi wameshatangulia, nyumba imeuzwa, kimebaki kabati la vioo lililosheheni sahani, vikombe na sanamu, na hakuna mtoto wala mjukuu anayelitaka.

Sanamu za Hummel ndizo zinazoongoza kwa kilio. Ukiwahi kuishi na wazee wa huku utakuwa umeziona: watoto wenye mashavu mekundu, mmoja kabeba kikapu, mwingine mwavuli. Aliyechora picha zake alikuwa mtawa, Maria Innocentia Hummel, mzaliwa wa Massing, Bavaria, mwaka 1909. Kiwanda cha Goebel kikaanza kuzitoa kama sanamu mwaka 1935. Mtawa mwenyewe alifariki mwaka 1946, hajafikisha hata miaka 40, wakati biashara ndiyo kwanza inachanganya. Vita vilikuwa vimekwisha, askari wa Kimarekani wamejaa Bavaria, na kila mmoja alitaka kitu kidogo cha kumpelekea mama au mchumba. Sanamu hizi zilikuwa ndogo na nzuri, na zilikuwa zinafungika kwenye kifurushi. Ndivyo zilivyovuka bahari kwa wingi.

Miaka iliyofuata zikawa kama akiba ya benki. Kulikuwa na klabu za wakusanyaji, na vitabu vya bei vilivyoonyesha kwamba sanamu moja ya kawaida ina thamani ya dola mia na kitu. Watu walizinunua moja moja, kila krismasi na kila siku ya kuzaliwa, wakiamini watoto watakuja kuwashukuru. Basi mwaka mmoja tulifunga gati Würzburg, kwenye mto Main, abiria mmoja mama wa makamo akaenda duka la vitu vya kale na picha za kabati la mama yake kwenye simu. Alirudi amenuna. Kumbe muuzaji hakuzitazama zile picha kwa zaidi ya dakika moja. Alimwelekeza tu kwenye rafu iliyo nyuma ya mlango, na kule walikuwa wamepangwa wale wale watoto wa mama yake, wamejaa vumbi, bei imeandikwa kwa penseli, imekatwa, imeandikwa tena chini zaidi.

"Yaani huyu wa mwavuli hafikii hata bei ya chakula cha mchana," aliniambia huku namwekea supu. Niliitikia tu, maana ningesema nini?

Ukweli ni kwamba hakuna aliyemdhulumu. Vitabu vile vilikuwa vinaandika bei ambayo muuzaji angependa kuipata, na mmiliki wa kila mji alijiona peke yake ndiye mwenye hazina. eBay, soko la mnada la mtandaoni, ilipoanza mwaka 1995 kila mtu akaanza kuliona kabati la mwenzake. Kitu ulichodhani ni adimu, unakiandika kwenye kompyuta, yanatokea mamia. Halafu kizazi kilichonunua kikaanza kuondoka kwa pamoja, kwa hiyo warithi nao wakaingia sokoni kwa pamoja, wauzaji tele na mnunuzi hayupo. Vijana wanakaa nyumba ndogo za kupanga, wanahama mara kwa mara, na hawataki sahani ya ukingo wa dhahabu isiyoingia kwenye mashine ya kuoshea vyombo. Goebel wenyewe waliacha kutengeneza Hummel mwaka 2008. Hapo wengi walidhani bei itapanda. Haikupanda.

Na nikwambie jambo ambalo abiria hawapendi kulisikia: kwa mafundi, Hummel si kauri kamili. Ni udongo laini wa ufinyanzi uliochomwa na kupakwa rangi. Kauri yenyewe, ile ngumu inayopitisha mwanga ukiishika mbele ya taa, inataka udongo mweupe wa kaolini na tanuri la nyuzijoto zaidi ya 1,400.

Zile sahani za ukutani zilizoitwa toleo maalumu, yaani eti zinatengenezwa chache tu, ndizo zinazonichekesha kidogo, Mungu anisamehe. Nyingine ziliwekewa kikomo cha siku za kuchomwa tanurini, si cha idadi ya sahani. Sasa kiwanda kikubwa kikichoma mfululizo siku hizo zote, umaalumu uko wapi?

Mambo hubadilika tukipanda mto Elbe kwenda Meissen. Kwanza Elbe ni mto wa shida. Kiangazi maji yakipungua meli haziendi, abiria wanapakiwa kwenye mabasi, na wanaishia kukaa muda mrefu zaidi dukani. Mji wenyewe ndiko kilikozaliwa kiwanda cha kwanza cha kauri ngumu Ulaya. Kiwanda kilianzishwa mwaka 1710 ndani ya ngome ya Albrechtsburg, baada ya Johann Friedrich Böttger, kijana aliyewekwa kizuizini atengeneze dhahabu, kuipata siri ya kauri kwa msaada wa mwanasayansi Tschirnhaus. Bwana wao, August Mwenye Nguvu, mtawala wa Saxony, alikuwa na ugonjwa wa kauri hasa. Mwaka 1717 alimpa mfalme wa Prussia askari wapanda farasi 600 akapewa vyombo 151 vya kauri ya Kichina. Nikiwasimulia abiria hili, huwa wanazitazama upya picha za kabati la mama.

Meissen ya karne ya 18 bado inagombewa minadani na wenye fedha na majumba ya makumbusho. Lakini seti ya kulia chakula ya karne ya 20, ile ya maua ya buluu inayoitwa ya vitunguu, nayo imeshuka. Dukani kiwandani kikombe kipya ni ghali kupindukia, na magulioni Jumapili utakuta ndugu yake wa zamani kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Chini yake kuna panga mbili za buluu zilizopishana, ndiyo chapa ya Meissen, na wengi huishia hapo, wakishaona panga wanashangilia. Geuza uangalie vizuri. Panga zikiwa zimekatwa na mikwaruzo, kiwanda kilikwisha kukiona kina kasoro kabla hakijatoka.

Cha ajabu, wale wale wanaolalamika kwamba urithi hauuziki ndio wanaorudi melini na mifuko. Wanajaza fomu za kurudishiwa kodi, maana anayeishi nje ya Umoja wa Ulaya akinunua kwa zaidi ya euro 50 dukani hapa Ujerumani anastahili, kisha wanaomba magazeti ya kufungia. Zamani nilidhani ni ukaidi. Siku hizi naona hawanunui akiba tena, wananunua kumbukumbu ya safari, na wanajua.

Kuna mmoja alisafiri na sanamu ya mama yake ndani ya soksi. Kila asubuhi nikiingia kupanga chumba naikuta imesimama dirishani, imeelekezwa uso mtoni. Kofia ilikuwa imevunjika zamani ikabandikwa, gundi imegeuka njano kama kiini cha yai. Ufa ule peke yake ulishaimaliza bei. Mwenyewe alikuwa akiipiga picha kila bandari na kuwatumia dada zake, wakigombana kwa kicheko nani atakaa nayo mwaka unaofuata. Hiyo ndiyo kauri pekee niliyoona warithi wakiigombania melini.

Ndugu zangu mnaolea wazee huku, maboksi haya yatawafikia tu. Mzee akifariki, wanawe wanaita kampuni ya kusafisha nyumba, na mtaambiwa chukueni mnachotaka. Chukueni, lakini kwa ruhusa ya warithi wenyewe, na mwandikiwe hata kijikaratasi, lisije kuzuka neno baadaye. Geuzeni chini msome chapa. Ikiwa ni ya zamani sana, mpelekeeni mthamini wa nyumba ya mnada kabla ya kuiosha. Nyingine zote lieni chakula, tena kila siku. Ila zenye ukingo wa dhahabu zioshwe kwa mkono, na zisiingie kabisa kwenye maikrowevu, zitatoa cheche.