Kesho njoo na mama watoto

Futikamba yangu ya kliniki ni ile ya fundi cherehani, ya njano, niliinunua sokoni. Siku ya kliniki ya presha na sukari, nikishapima uzito na presha, naitoa mfukoni, namwomba mgonjwa anyanyue kidevu, naizungusha palepale penye koromeo. Wazee wengi hucheka. Mmoja aliniuliza kama namshonea shati la Idi. Nikamwambia nataka kujua usiku anapumuaje. "Hilo kamuulize mama watoto," akasema.

Na kweli, huyo ndiye wa kuulizwa.

Mimi ni tabibu katika kituo cha afya kando ya barabara kuu iendayo Iringa. Ninachokitafuta kwa futikamba ni apnia ya usingizi. Mtu akilala, misuli ya koo hulegea. Kwa wengine hulegea mpaka njia ya hewa inaziba, hewa haipiti kwa sekunde 10 au zaidi, oksijeni inashuka, ubongo unashtuka, mtu anavuta pumzi kwa kishindo kisha anarudi kulala. Asubuhi hakumbuki kitu. Ikimtokea kuanzia mara 5 kwa saa tayari ni tatizo. Ikifika 30 ni kali. Na kila akishtuka, presha inaruka. Ndiyo maana simtafuti mtu huyu popote pengine ila foleni ya presha: yule anayemeza dawa tatu kwa uaminifu, kadi yake imejaa, na bado anasoma 170 kwa 100.

Kipimo kamili ni kulala na mashine usiku kucha, na sisi mashine hiyo hatuna. Tuna maswali. Ninayotumia ni yale yanayoitwa STOP-Bang, yaliyotungwa Toronto na daktari wa usingizi wa upasuaji, Frances Chung, na wenzake, yakachapishwa mwaka 2008. Yako manane, kila moja ni ndiyo au hapana: unakoroma kwa sauti, unachoka mchana, kuna aliyekuona umeacha kupumua usingizini, una presha, unene wako kwa BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) unazidi 35, umri umepita 50, shingo nene, na je, wewe ni mwanamume. Ukipata 3 au 4 uko hatarini kiasi, 5 na kuendelea hatari ni kubwa.

Sasa peleka fomu hiyo kliniki yangu. Mwanamume wa miaka 55 mwenye presha ana alama 3 kabla hajasema shikamoo. Nikifuata namba hiyo kama ilivyo, nitawapa rufaa wanaume wote wa benchi la kushoto, na hospitali ya mkoa watanipigia simu kuniuliza kama niko sawa. Fomu ilianzia kwa watu wanaosubiri upasuaji, si kwa watu ambao wote wana presha. Kwa bahati walioitunga waliliona hilo, wakaweka njia ya pili: angalia maswali manne ya mwanzo peke yake, na akipata angalau mawili, tazama kama ni mwanamume, au BMI imezidi 35, au shingo imezidi sentimita 40. Kimoja kati ya hivyo kikiwepo, huyo ni wa hatari kubwa. Hii ndiyo ninayoitumia. Inanirudisha kwenye kukoroma na kuacha kupumua, mambo ambayo umri na jinsia haviwezi kuyajibu.

Hiyo BMI ya 35 nayo mniachie niseme. Mtu wa urefu wa mita 1.70 lazima avuke kilo 101 ndipo ahesabiwe. Wapo wenye kilo 75, taya fupi iliyorudi nyuma, wanaozibwa koo usiku kucha. Ndiyo maana huwa namwambia mtu afungue mdomo na namtazama wasifu wa uso kwa upande, hata kama fomu haikuniagiza.

Swali la uchovu kila mtu hujibu ndiyo. Mama anayeamka saa kumi alfajiri kukanda maandazi amechoka, atakosaje? Kwa hiyo simuulizi kama amechoka. Namuuliza kama anasinzia akiwa amekaa tu: kanisani, kwenye kikao cha vikoba, kwenye benchi letu. Na wanawake wengi hawasemi wanakoroma hata ukiwabana. Watakwambia kichwa kinauma kila asubuhi, au usingizi hauji. Mwanamke aliyekoma hedhi akiniambia hayo mawili, namhesabu.

Kuna jingine ambalo halimo kwenye fomu kabisa. Wanaume wa makamo huja wakisema wanaamka mara nyingi usiku kwenda haja ndogo, na kila mmoja ameshajipa jibu: tezi dume. Inaweza kuwa tezi. Inaweza kuwa sukari, na hiyo tunaipima hapohapo. Lakini koo likiziba, moyo hutanuliwa, nao hutoa homoni inayoziagiza figo zitengeneze mkojo. Namuuliza kinachomwamsha ni kibofu au ni kukabwa. Hapo ndipo utasikia habari ya jinamizi, kwamba kuna kitu kinamkalia kifuani, ameshasomewa, ameshachanjwa chale. Sibishani naye. Namwomba tu kesho aje na mke wake.

Mke mmoja alikuja na simu. Alikuwa amemrekodi mumewe gizani, picha haionekani, sauti tu. Tulikaa watatu, mlango nimeufunga. Mkoromo unapanda, unapanda, mara kimya. Nikatazama saa ya ukutani: ishirini na tatu, ishirini na nne, ishirini na tano, kisha mshindo kama mtu anayeibuka kutoka chini ya maji. Mume alikuwa akitabasamu mwanzoni. "Huyo ni mimi?" akauliza. Mke akamjibu, "Mimi huwa nakupiga kiwiko ndipo unarudi." Tangu hapo sina haya kumwomba mtu arekodiwe. Kile kidude cha kidoleni cha kupimia oksijeni tulichokipata wakati wa korona hakinisaidii hapa: mgonjwa akiwa macho kinasoma 97, anaondoka akijua ni mzima.

Madereva wa malori ndio wagumu. Dereva hakubali kwamba anasinzia, kwa sababu anafikiri nitamwambia tajiri wake. Namwambia waziwazi kwamba kadi hii haitoki hapa. Kisha naazima swali kutoka fomu nyingine ya kupima kusinzia mchana, ile ya Epworth aliyoitunga Murray Johns huko Melbourne mwaka 1991, linalouliza habari ya gari lililosimama dakika chache kwenye foleni. Mimi naligeuza kuwa foleni ya mzani. "Ah, pale lazima nijiibie kidogo," mmoja akaniambia, "mpaka wa nyuma apige honi." Mkewe alikuwa mbali, Mbeya, hakuwa na cha kushuhudia. Nikamwita utingo wake aliyekuwa nje akinunua mahindi ya kuchoma. Yeye hulala naye kwenye kabini. Akaeleza yote huku anatafuna, mpaka kuacha kupumua, na jinsi siku za baridi anavyoamua kulala chini ya tela.

Simuulizi kila anayeingia mlangoni, na sidhani inafaa. Jopo la wataalamu wa kuzuia magonjwa la Marekani lilisema mwaka 2017, likarudia 2022, kwamba ushahidi hautoshi kusema kuwapima watu wazima wasio na dalili kuna faida kuliko madhara. Kwetu, ambako rufaa ni nauli, siku mbili za kazi na kuuza kuku, naliafiki. Lakini dereva anayesinzia kwenye mzani si mtu asiye na dalili.

Mashine ya kusukuma hewa puani, iliyobuniwa na Colin Sullivan huko Sydney, akaichapisha mwaka 1981, ndiyo tiba kuu, na wengi wa wagonjwa wangu hawawezi kuinunua. Wakati wanahangaika na rufaa nawaambia yaliyo mikononi mwao: kupunguza kilo, kuacha pombe za jioni, kulala ubavu. Mke wa yule wa rekodi alimshonea mfuko mgongoni mwa fulana akatia mpira mdogo wa watoto, akigeuka chali unamchoma. Na dawa za usingizi zinazonunuliwa duka la dawa bila cheti, hizo nazikataza kwa ukali, maana zinalegeza koo lilelile linaloziba.

Kama anapelekwa kupasuliwa ngiri au hiyo tezi dume, kwenye barua ya rufaa naandika juu kabisa, kwa kalamu nyekundu: anakoroma, huacha kupumua usingizini, shingo sentimita 44. Daktari wa ganzi ataelewa.