Zulia la bibi, Laila na Majnuni

Lile zulia la sebuleni kwa bibi tumelishusha jumamosi. Bibi ametangulia mbele ya haki, mwezi wa pili huu, na ndugu wamekaa kugawa mirathi, kila kitu kimepata bei yake isipokuwa hili, maana hakuna aliyejua lina thamani gani. Muuzaji mmoja sokoni Mutrah, hapa Maskati, alitazama picha kwenye simu tu akasema riyali sitini, la mashine hilo. Roho iliniuma jamani, kwa vile babu alivyokuwa akilitunza.

Kwa wasioliona: ni zulia la picha, wale wapenzi wa hadithi ya kale ya Kiarabu, Majnuni amekaa chini ya mti jangwani, mbavu zinahesabika, wanyama wamemzunguka, swala hadi simba, na Laila anakuja juu ya ngamia. Tumelala chini ya picha ile utoto wetu wote.

Nkamtafuta mzee mmoja wa hapahapa Maskati, asili yao Iran, kazi yake miaka yote ni kutengeneza mazulia. Alipofika picha hata hakuitazama. "Mwanangu, picha inavuta moyo, geuza kwanza." Tukaligeuza, na nyuma pale Laila yupo vilevile, ngamia yupo, sura zote zinasomeka kama mbele! Afu akanionesha matamvua, kumbe ni ile mitande yenyewe ya pamba, nyuzi za urefu zinazofungiwa mafundo, imetokeza nje, haikushonewa. La mashine mara nyingi yanashonewa baadae, na mgongoni mistari imenyooka mno. Hapa mafundo hayalingani, moja nene moja jembamba, mkono wa mtu huo.

Akaweka rula akahesabu, mafundo 6 kwa sentimita kwenda na 6 kupanda, yani 36 kwa sentimita moja ya mraba. Zulia ni mita 2 kwa 1.3, piga hesabu utapata zaidi ya mafundo laki tisa, hata kama mfumaji alifunga elfu 8 kila siku bila kupumzika ni siku zaidi ya 110. Nlikaa kimya kidogo hapo.

Mshindio wake, uzi unaopita kwa upana kati ya mafundo, ni wa buluu hafifu na fundo ni la Kiajemi lile la upande mmoja, akasema hii kazi ya mji wa Kashan huko Iran, mji wa Tabriz wangefunga la Kituruki.

Ndo tukaja kwenye picha sasa. Mzee akapiga magoti na kioo cha kukuzia akaenda moja kwa moja kwenye uso wa Laila, maana anasema kwenye zulia la picha bei iko usoni na vidoleni, miti na maua kila fundi anaweza. Nami nkachungulia. Mboni ya jicho ni fundo moja jeusi, na pembeni yake fundo moja jeupe, basi, ndo lile jicho linalokufuata sebule nzima. Mdomo ni mafundo manne mekundu. Angekosea moja tu Laila angekuwa kengeza.

Juu kwenye ukingo kuna maandishi na mwaka, 1330. Mjomba akaruka, miaka mia na zaidi hiyo! Maana 1330 ya hijria yetu hii ya mwezi ni kama 1911 au 1912. Mzee akamtuliza, Iran tangu 1925 serikali yao inahesabu hijria ya jua, na 1330 ya jua ni 1951. Namba moja, miaka 40 tofauti, na bei tofauti kabisa maana wauzaji wanaita la kale lile lililopita miaka mia. Akasugua pia hizo namba kwa kidole, kuna watu wanafumua tarakimu moja ili zulia lizeeke. Yetu haijaguswa. Ila rangi ya chungwa kwenye kanzu ya Majnuni ni ya kemikali, ukifunua manyoya shinani inawaka na nchani imefifia, na hali ya sufu yenyewe, vyote vikamfanya aegemee 1951. Mjomba alinyong'onyea, mi wala, ni umri wa mama.

Kilichoniumiza ni jua. Dirisha la sebuleni limekula upande wa kulia, nyuma waridi ni nyekundu, mbele imekuwa kama chai ya maziwa, na misumari ya babu imekata mitande sehemu tatu. Hayo yote yanapunguza bei.

Akauliza mnataka bei ya nini, ya bima au ya mirathi? Ya bima ni gharama ya kutafuta jingine kama hilo dukani, iko juu, ya mirathi ni ile utakayoipata ukiuza leo. Ametuandikia ya mirathi, na ni mara kumi na mbili ya ile ya sokoni.

Mama amesema bei hiyo ikatwe kwenye fungu lake la mirathi, zulia abaki nalo. Kesho mzee anarudi kushona mkanda wa kitambaa nyuma lining'inie kwa ufito badala ya misumari, na tumeshachagua ukuta wa ndani kule jua halifiki.