Ubao wa rangi ya mlango

Ramadhani ya 2018 mimi na binamu yangu tulikuwa na kompyuta sita za kukodisha kwa michezo katika chumba cha uani nyumbani kwa bibi, Kikwajuni, mjini Unguja. Tukifungua baada ya tarawehe na kufunga karibu na daku. Nusu saa shilingi 500, saa nzima 1,000. Wasiopata nafasi wakingoja barazani, wakicheza Free Fire kwenye simu zao.

Usiku mmoja akaja mtoto wa miaka kumi na mbili hivi. Akatazama skrini ya jirani, akauliza, "Kaka, huu mchezo wa namna gani?" Binamu yangu akamjibu bila kugeuka: "Huo moba." Mtoto akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa, akatoa sarafu yake ya mia tano, akakaa.

Mchezo wenyewe ulikuwa Dota 2. Watano kwa watano, njia tatu, na mechi haimaliziki mpaka ngome kuu ya upande mmoja ianguke. Dakika 40 ni kawaida, na saa nzima si ajabu. Nusu saa yake ikakatika vita vimepamba moto na mteja mwingine keshasimama nyuma ya kiti. Skrini ikajifunga. Mkono wa mtoto haukuondoka kwenye mausi. Kidole kiliendelea kubofya pasipo na kitu. Wenzake wanne, aliounganishwa nao kwenye seva ya Afrika Kusini, wakabaki kupigana pungufu.

"Mngenambia," alisema, akaondoka zake.

Neno lile lilinichoma, maana ni kweli hatukumwambia. Tulimtajia jina tu.

Wateja walipokwisha nikatoa kipande cha plaiwudi na kopo la rangi ya kijani iliyobaki tulipopaka mlango wa uani. Nilitaka kila mchezo uandikwe ni wa aina gani, mtu asome kabla hajatoa pesa. Binamu yangu aliukubali ubao. Tulipogombana ni kwenye maneno.

"Andika moba, andika shuta, andika MMO, basi. Ndivyo dunia nzima inavyoita." Shuta kwake ni michezo ya risasi, na MMO ni ile ya watu maelfu kukutana katika dunia moja ya mtandaoni.

Nikamwambia dunia yenyewe haijakubaliana. Moba maana yake ni uwanja wa mapambano ya wachezaji wengi mtandaoni, na waliolivumisha jina hilo ni Riot Games, walipotoa League of Legends mwaka 2009. Valve, wenye Dota 2, waliuweka mchezo wao upande wa michezo ya vitendo na mikakati, na asili yake ni ramani waliyoitengeneza wachezaji ndani ya Warcraft III, mchezo wa kuongoza majeshi. Halafu yatazame maneno yenyewe. Uwanja, mapambano, wachezaji wengi, mtandao: Counter-Strike, ambao ni wa risasi, umekosa kipi hapo? Ni sawa na muuzaji wa Forodhani kuandika "chakula" mbele ya urojo na mbele ya mishikaki.

"Basi tuseme jamii ya Dota, jamii ya Free Fire. Mbona dawa yoyote ya meno tunaiita kolgeti na tunaelewana?"

Hoja hiyo ilinikalia. Hata wachezaji wenyewe waliwahi kufanya hivyo: baada ya Doom ya 1993, michezo ya risasi inayochezwa kwa macho ya mpigaji ikaitwa miigo ya Doom. Lakini jina la namna hiyo linamfaa aliyekwisha kucheza. Yule mtoto lingemwambia nini?

"Hapa mtu ananunua nusu saa," nikasema. "Tumwandikie nusu saa yake itakwendaje."

Alinyamaza, akaanza kukoroga rangi kwa kijiti cha mshikaki.

Counter-Strike tukaandika: raundi fupi, ukifa ngoja inayofuata. PUBG na Free Fire: ukifa umetoka, anza upya. Dota 2: usianze kama huna saa nzima, wenzako wanakutegemea. Tulikwama kwenye RuneScape. Mteja wetu mmoja, kijana wa bandarini, alikuwa akikata miti humo usiku kucha apande ngazi ya ukataji. Hapigani na mtu, hakuna mechi wala mshindi, na ukizima kila ulichovuna kinakungoja. Binamu yangu akasema huo si mchezo, tusiuandike. Nilikasirika hasa. Ndio pekee ambao mwenye mia tano anaondoka akiwa na kitu chake! Tukaandika: hauna mwisho, toka utakapo. Chini ya mstari wa Dota akaongeza "moba" kwa herufi ndogo, nami sikumzuia.

Mtoto alirudi baada ya siku tatu. Akausoma ubao kwa kidole, mstari kwa mstari, pale rangi ilipochuruzika akiinamisha kichwa. Kwenye mstari wa tatu akasimama, akafungua kiganja. Sarafu mbili.

"Huu," alisema. "Leo n'na saa nzima."