Kuchelewa kwenye kunasema mambo

Siku hizi usiku minasoma tu mambo ya ile milipuko mifupi ya redio yenye kutoka mbali sana angani, kichwa kimejaa, wacha niandike. Mulipuko moja unadumu milisekonde kidogo tu, basi. Mwanaastronomia Lorimer na wenzake walitangaza wa kwanza 2007, walikuta mu data za 2001 za antena ya Parkes, Australia, yaani ulilala pale miaka hakuna mutu anajua.

Chenye kunigusa si nguvu yake, ni kuchelewa. Mawimbi ya masafa ya juu yanafika mbele, ya chini yanakuja nyuma, juu njiani kuna elektroni huru, yaani zenye hazijashikwa mu atomu, zenye kuyachelewesha, zikiwa nyingi kuchelewa nako kunazidi. Kwa hiyo ukipima kuchelewa, umehesabu elektroni za njia yote.

Mdogo wangu akaniuliza: "Yaya, na mbele ya nyota za kwanza, zile elektroni zilikuwa wapi?" Swali kali, juu pale njo kuna jambo lenyewe. Ulimwengu ukiwa na miaka kama 380,000, elektroni zilishikana na protoni, ikawa hidrojeni, na hidrojeni ya vile haicheleweshi redio. Kisha nyota na galaksi za kwanza zikawaka, mwanga wao wa urujuanimno ukazing'oa tena zile elektroni pole pole, kazi ikaisha ulimwengu ukiwa na karibu miaka bilioni moja. Sasa panga milipuko kwa umbali, juu yenye kutoka mbali zaidi ilitoka zamani zaidi: kuchelewa kunapanda, kunapanda, halafu ukiingia mu kile kipindi cha mbele ya elektroni zote kung'olewa, kunalegea mpaka kunasimama, na vile kunalegea njo kutatuonyesha nyota ziliwaka lini na kwa haraka gani. Mi naona ni ajabu kabisa, kitu chenye hakionekani kinajulikana kwa sababu hakikuchelewesha kitu!

Shida, yenye tuko nayo bado ni ya karibu. Mulipuko moja wa Juni 2022 ulisafiri kama miaka bilioni 8, tunahitaji yenye kusafiri zaidi ya bilioni 12, na kila moja lazima galaksi yake ijulikane ili umbali upimwe. Minangojea sana SKA, ile mitambo mikubwa ya antena za redio yenye wanajenga Karoo kule Afrika Kusini na Australia. Zambia, hapa tu nyuma ya Kasumbalesa, ni mshirika wake wa Afrika, sisi Kongo hatumo, na minataka tuingie, juu vijana wa fizikia hapa Lubumbashi hesabu hii wanaiweza.