Siku moja maishani mwangu: napima vidonge vya urani, sio mabomu

Saa kumi na moja alfajiri. Nje ni baridi ya Januari ya hapa Ontario, Kanada, na meseji ya kwanza WhatsApp ni ya mama mdogo kutoka Songea: "Mwanangu, hayo mabomu utaacha lini?" Miaka sita nampa jibu lile lile, mama mdogo mi ni fundi sanifu wa maabara, napima vidonge vya urani, ndo kuni za reakta, yaani mtambo wa nyuklia, ili watu wapate umeme. Ila tangu aanze kusikia habari za urani ya Mto Mkuju kule Namtumbo ndo kazidi kabisa.

Saa moja naingia zamu. Navaa nguo za kiwandani, nabandika beji ya kupimia mionzi, naacha mkojo kwenye kichupa. Ndiyo, mkojo. Watu wakisikia urani wanawaza mionzi tu, kumbe hii ya asili ambayo haijarutubishwa, yaani haijaongezwa kiwango cha U-235, ile aina ya urani inayopasuka na kutoa nguvu, sisi tunaogopa zaidi vumbi lake, ni metali nzito ile, ukiivuta inakula figo.

Mpaka saa nne ni sampuli za kawaida. Kinachonifurahishaga hapa ni rangi. Urani inatoka mgodini ikiwa unga wa njano, inayeyushwa kwenye asidi ya naitriki, inasafishwa, inakuwa unga wa rangi ya chungwa, UO₃, yaani urani na oksijeni. Wenye reakta za urani iliyorutubishwa wanaigeuza chumvi ya kijani, UF₄ (urani na florini), halafu UF₆, ambayo kwenye nyuzi 56 hivi inakuwa gesi moja kwa moja bila kupitia kuwa kimiminika. Sisi hatufiki huko. Reakta zetu za Kanada, zinaitwa CANDU, zinakula urani ya asili, yenye U-235 asilimia 0.7 tu, kwa hiyo tunashindilia unga mweusi wa UO₂, wenye atomu mbili za oksijeni kwa kila moja ya urani, kuwa vidonge vya ukubwa wa ncha ya kidole, tunavichoma kwenye haidrojeni karibu nyuzi 1,700. Kwanini isiwe metali yenyewe? Metali inayeyuka nyuzi 1,132, tena inavimba na haipatani na maji ya moto ya reakta, wakati UO₂ inavumilia zaidi ya 2,800.

Saa nne na nusu ndo siku ikaharibika.

Kipimo chenyewe kirahisi. Unachukua kidonge cha gramu 20, unakiweka kwenye kibakuli cha platinamu, unakiunguza kwenye hewa nyuzi 900 mpaka kisambaratike kuwa unga wa U₃O₈, wenye oksijeni zaidi, unapima tena. Uzito ulioongezeka ni oksijeni iliyoingia. Kidonge kizuri kinaongezeka gramu 0.79. Kikiongezeka pungufu maana yake kilikuja na oksijeni ya ziada, na mzigo mzima unazuiwa. Sasa supavaiza wa laini ya uzalishaji akaanza kupiga simu, majibu vipi, akapiga tena, trei zimejaa, akapiga tena kidonge kikiwa bado ndani ya tanuru, nikamwambia bosi moto hauna haraka, akakata, dakika kumi kapiga tena. Kilipotoka nikakipa muda kidogo tu, nikaweka kwenye mizani: 0.76. Hiyo ni oksijeni 2.02 kwa kila atomu ya urani, badala ya 2.00. Nikamwambia. Kelele alizopiga, hata sizirudii.

Nikamwaga unga kwenye kopo la mabaki, nikaandika uzito wake kwenye daftari maana wakaguzi wa IAEA, shirika la kimataifa la nguvu za atomiki, hesabu ya urani hawaifanyii utani, na hapo hapo mkono ukagusa kile kibakuli cha platinamu. Bado cha vuguvugu! Kitu cha moto kinapasha hewa inayokizunguka, hewa inapanda, mizani inasoma pungufu. Mtoto wa mwaka wa kwanza chuoni anajua hilo, na mimi najua, ila simu ile bana. Na unga nishaumwaga, siwezi kuupima tena, inabidi kidonge kingine, tanuru upya, masaa upya.

Sijui ilikuwa saa ngapi nilipokaa. Ugali wangu ulikuwa kantini, mbali, na kufika huko lazima uvue, unawe, upimwe mikono na miguu, nikaona bora njaa. Safari hii nikakiacha kibakuli kipoe mpaka mwenyewe nikachoka kukiangalia.

0.791.

Nikapiga simu mwenyewe, kwa raha zangu. Ikaita mpaka ikakata. Zamu yake ilishaisha, kaenda nyumbani.